Nithi Falls Hadi Lake Ellis: Haiki ya Siku Moja Ambayo Shida Yake Si Mlima, Ni Saa

Taja jina Nithi ndani ya mat yoyote ya kuelekea Meru na ucheki vile sura za watu zinabadilika. Kila mtu anafikiria kitu kimoja: lile daraja. Mteremko, kona, na mabasi ambayo yameingia kwa habari za saa moja mara mob sana.

Lakini mto wenyewe hauna makosa. Ukiufuata kurudi nyuma, upite mashamba ya chai, upite msitu wa ndovu na mianzi, utaupata huko juu Mlima Kenya ukiwa mdogo, msafi na baridi kama maji ya friji. Hapo ndipo unaanguka kwa maporomoko ambayo mbogi za haiki kutoka Nairobi zinaamka saa nane usiku kuyafuata. Wengi wanaiita tu "haiki ya Lake Ellis". Ni moja ya matembezi matamu zaidi upande huu wa nchi: mto, maporomoko, bonde refu la kutisha, ziwa, na ukishuka kuna nyama inakungoja.

Leo tunakupea rada yote. Lakini kuna kitu lazima isemwe mapema. Hii haiki inauzwa kama mambo ya siku moja, na ukweli ni kwamba hiyo siku ina masaa zaidi ya ishirini. Masaa mbaya zaidi si ya kupanda. Ni yale ya mwisho, mkiwa kwa gari, wote mmelala, isipokuwa mtu mmoja ambaye mnaomba Mungu asilale.

Iko wapi hasa?

Chogoria iko Kaunti ya Tharaka-Nithi, katikati ya Embu na Meru. Zamani eneo lote lilikuwa ndani ya Wilaya ya Meru, ndiyo maana wazee wengi bado wanakuambia "huku ni Meru" na hawajakosea sana. Cheki pia jina la kaunti: nusu yake ni huu mto tunaoongelea.

Kutoka Nairobi unapita Thika, Makutano, Embu, Runyenjes, Chuka, halafu Chogoria. Ni kama kilomita 200. Kama barabara ni poa na hamsimami sana, weka masaa manne. Chogoria yenyewe inajulikana kwa hospitali ya PCEA iliyoanzishwa na wamishonari wa Scotland mwaka 1922, na kwa kuwa mlango wa mashariki wa Mlima Kenya.

Ukitoka mjini unapanda kama kilomita 30 kupitia mashamba ya chai, kisha msitu mzito, hadi geti ya Kenya Wildlife Service iliyo karibu mita 2,950 juu ya bahari. Hii sehemu ya msitu si ya kutembea kienyeji. Ndovu na nyati wanaishi humo na hawajui wewe ni influensa. Watu wengi hupanda na gari hadi geti.

Kuhusu kiingilio: KWS haichukui keshi. Unalipa kupitia eCitizen, na bei hubadilika, kwa hivyo icheki siku chache kabla hujachangisha watu doo. Beba kitambulisho, maana bila hicho hautahesabiwa kama raia na utalipa kama mgeni. Na usije peke yako. Panda na mwongoza njia wa pale Chogoria. Hiyo ni kazi yao, wanajua mlima, na wanajua ni wapi ndovu walilala jana.

Kutoka geti hadi maporomoko

Juu ya geti kuna barabara mbovu ya kama kilomita 7 au 8 hadi mahali panaitwa Roadhead, karibu mita 3,300. Jina linajieleza: barabara inaishia hapo, na Mto Nithi unapita kando.

Hapa ndipo kila mbogi inafanya uamuzi wake wa kwanza. Mkikodisha Land Cruiser kutoka Chogoria, mnafika Roadhead mkiwa bado fresh na haiki inakuwa ya watu wa kawaida. Mkiwa na mat ya kawaida inayoishia geti, mtatembea hiyo barabara yote, na hesabu ya kwenda ziwani na kurudi inapita kilomita 20. Si kwamba haiwezekani. Watu hufanya. Lakini mbogi ambayo imelala masaa mawili na ina wasee watatu ambao haiki yao ya mwisho ilikuwa ngazi za ofisi itateseka.

Kutoka Roadhead, njia ya maporomoko inashuka kandokando ya mto. Ni mwendo mfupi, kama dakika 20. Unasikia maji kabla hujayaona. Njia inateleza, mizizi imetoka nje, na ukungu ukiwa chini hakuna mtu anavaa viatu vya mtaa akabaki amesimama. Halafu unafika, na Nithi inaanguka mbele yako kwa mwamba mweusi, majani yamejaa umande pande zote mbili.

Kuna wale lazima waruke kwa maji ndio wapate video. Sikiza: hayo maji yametoka kwa mlima wenye barafu. Ukiingia ghafla mwili unashtuka, unavuta pumzi bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, hiyo ni ngori. Mawe ya chini huyaoni pia. Ingiza miguu, piga kelele, toka. Video itatoka tu.

Lake Ellis na bonde lenyewe

Ukirudi juu Roadhead, unavuka mto na kushika njia ya upande wa kusini. Miti inaisha pole pole. Unaingia kwa nyasi ndefu zilizosimama kama vichaka vya nywele, na zile lobelia kubwa na senesio ambazo ukipiga picha watu wa TikTok watakuuliza kama ni sayari ingine. Hii mimea imejijenga kwa baridi: majani yake hujifunga usiku kulinda moyo wa mmea, halafu asubuhi yanafunguka tena. Usikate, usipande juu yake. Mmea wenye urefu wako unaweza kuwa na umri kuliko babako.

Lake Ellis iko kama mita 3,450. Ni ziwa tulivu, halijazungukwa na hoteli wala boda. Nyuma yake kuna kilima kilicholala tambarare kabisa juu. Wazungu walikiita Giants Billiard Table, yaani meza ya pool ya majitu, na jina lingine la hicho kilima ni Kilingo. Asubuhi ikiwa safi, unaona vilele vya Mlima Kenya upande wa magharibi. Batian, kilele kikubwa, kiko mita 5,199. Point Lenana, ambayo ndiyo watu wengi hupanda, iko mita 4,985. Ukiwa Ellis bado uko chini sana, na hiyo ndiyo raha yake. Unaona mlima wote bila kuulipia kwa machozi.

Kama mbogi yenu inapenda kutazama mabonde kuliko ziwa, kuna chaguo la pili kutoka Roadhead. Badala ya kuvuka mto kwenda Ellis, shika njia kuu ya Chogoria inayopanda ukingo wa kaskazini. Ukiendelea kupanda, upande wako wa kushoto linafunguka bonde linaloitwa Gorges Valley. Hapo ndipo Nithi inatokea. Mwisho wa bonde kuna Lake Michaelson, na juu yake ukuta wa mwamba wa karibu mita 300 unaoitwa The Temple. Kufika The Temple si mambo ya siku moja, usidanganywe na mtu. Lakini masaa mawili matatu ya kupanda ukingo yanatosha kukuonyesha kwa nini watu wanaosema Chogoria ndiyo njia yenye sura nzuri kuliko zote za Mlima Kenya huwa hawabishaniwi sana.

Usijaribu zote mbili siku moja. Chagua moja.

Vivienne ni nani?

Ndani ya hilo bonde kuna maporomoko mengine yanaitwa Vivienne Falls. Jina limetoka kwa Vivienne de Watteville, mresh aliyezaliwa mwaka 1900. Alikuja Afrika Mashariki na babake kwa safari ya uwindaji. Mwaka 1924 simba alimuua babake. Wengi wangepanda meli na kurudi nyumbani. Yeye alimaliza safari.

Miaka michache baadaye alirudi, na akaishi kwa muda kwenye kibanda upande huu wa mlima, kati ya msitu na nyasi za juu. Safari hii hakuja kuwinda, alikuja kutazama. Kitabu chake, Speak to the Earth, kilitoka mwaka 1935. Kwa hivyo ukiskia mtu anasema mambo ya haiki ni fasheni ya juzi, mwambie kuna dem alikuwa huku karibu miaka mia moja iliyopita, bila simu, na hakuwa na haraka ya kushuka.

Na ndiyo, Wameru na Waembu walikuwa wanaujua huu mlima karne nyingi kabla ya Vivienne. Kwao ni makao ya Mungu, si mahali pa kupiga selfi. Serikali iliufanya hifadhi ya taifa mwaka 1949, na UNESCO ikauweka kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997.

Kichwa kikianza kuuma

Nairobi iko kama mita 1,700. Ellis ni 3,450. Maana yake ni kwamba ndani ya masaa machache umeongeza zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda juu. Mwili wako haujaambiwa. Huko juu kila pumzi inakupea kama theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo msee wa Mombasa anapata.

Watu wengi wataskia tu kuchoka mapema na moyo kupiga mbio. Wengine watapata maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, na chakula kukataa kuingia. Huo ni ugonjwa wa mwinuko, na hauangalii kama uko na misuli. Msee wa gym anaweza kulala chini na msichana mwembamba wa accounts akapita anaimba.

Kanuni ni rahisi. Tembea pole pole kuliko unavyotaka. Kunywa maji kidogo kidogo. Kileo cha Ijumaa usiku kiache, kinakukausha kabla hujaanza. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika na usiongeze kupanda. Kikizidi, ama mtu akianza kutapika, kuyumba kama mlevi, kuongea vitu hazieleweki, ama kukohoa na kukosa pumzi akiwa ameketi, hakuna "tupige tu hatua mia". Mnashuka. Dawa ya kwanza ya mwinuko ni kushuka, na mtu haachwi chini ya mti angoje wengine wamalize.

Baridi nayo ina hesabu yake. Kwa wastani joto hushuka kama digrii 6 na nusu kila ukipanda mita 1,000. Nairobi ikiwa 22, Ellis tarajia kama 11, na hiyo ni kabla ya upepo. Ukilowa na mvua hapo juu na umevaa jeans, baridi inaingia hadi kwa mfupa. Upande wa Chogoria unapata mvua nyingi kuliko upande wa Nanyuki. Miezi yenye afueni ni Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba. Hata hiyo miezi, mlima una tabia ya kufungua asubuhi na kujifunika mawingu kuanzia saa sita hivi. Ukifika umechelewa, utapiga picha ya ukungu.

Sasa tupige hesabu ya saa

Hapa ndipo posta nyingi za haiki haziongei. Wacha tuweke siku nzima mezani.

Saa nane usiku umeamka. Saa tisa gari linatoka tao. Kuelekea saa kumi na mbili mangware mmepita Embu. Saa moja na kitu mko Chogoria, mnakunywa chai, mnabadilisha gari. Saa tatu asubuhi mko Roadhead, mkienda vizuri. Maporomoko, picha, halafu ziwa. Saa sita hadi saa saba mnakula mkiwa Ellis. Saa tisa na nusu mmerudi Roadhead. Saa kumi na moja na nusu jioni mko Chogoria, mmechapa, matope hadi kwa magoti. Mnakula. Saa moja jioni mnaondoka. Nairobi mnaingia saa tano usiku.

Hayo ni masaa 21 macho. Na hiyo ni siku ambayo kila kitu kimeenda sawa: hakuna aliyechelewa tao, hakuna aliyeumwa, hakuna gari lililokwama kwa matope. Umewahi kuona haiki ya watu 30 ambayo kila kitu kimeenda sawa?

Watafiti wa usingizi wamepima hili jambo mara nyingi. Mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo anafanya makosa karibu sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwa damu. Akifika masaa 24 ni kama 0.10. Yaani dere ambaye hajagusa chupa anaweza kuwa anaendesha kama mlevi, na hakuna kifaa cha polisi cha kupuliza kitakachomshika.

Kuna wasee watakuambia dere yuko fiti kwa sababu amebeba jaba. Mko Embu na Meru, muguka na miraa ziko kila kona, na ni rahisi kuamini. Jaba inasukuma usingizi mbele tu. Haiulipi. Ile deni inaweza kukuja ghafla, kwa sekunde tatu nne za macho kufunga bila mtu kujua. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linasonga mita 22 kila sekunde. Zidisha mwenyewe.

Msosi si anasa, ni breki

Hii sehemu tunaipenda, lakini pia ina kazi.

Chogoria ina hoteli za kawaida za mji mdogo: chai ya maziwa iliyokolea, chapo dondo, githeri, mukimo, ndizi za kupikwa na nyama, na choma ya mbuzi. Hiyo choma inachukua muda, kwa hivyo kuwa mjanja. Mkipita asubuhi, agizeni na mlipe kiasi, muwape saa ya kurudi. Mkishuka na njaa ya mlima mtaikuta iko tayari badala ya kuanza kuuliza "mbuzi iko?" saa kumi na mbili jioni.

Kazi ya pili ya hicho kituo ni hii. Kutoka geti hadi Chogoria gari limeshuka zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Dere ambaye amekanyaga breki njia yote ameichemsha. Breki ikichemka sana inapoteza nguvu: unakanyaga, gari linaendelea. Saa nzima mkikula, breki inapoa, dere ananyoosha mgongo, na pia anakula akiwa ameketi, si kwa mkono mmoja akiendesha.

Kama mnataka kukaa kwa starehe zaidi, Embu kuna Izaak Walton Inn, hoteli ya kitambo kando ya barabara ya kwenda Meru, yenye bustani kubwa. Jina lake lina stori. Izaak Walton alikuwa mwandishi Mwingereza aliyetoa kitabu cha mambo ya kuvua samaki mwaka 1653. Hoteli ikapewa jina lake kwa sababu walowezi walikuwa wanakuja huku kuvua trauti kwa mito ya Mlima Kenya. Hao samaki si wa hapa. Waliletwa Kenya mwaka 1905 na kuachiliwa kwanza kwa Mto Gura kule Aberdare, halafu wakasambazwa kwa mito mingine ya baridi. Hata leo kuna watu hupanda Ellis na fimbo ya kuvua badala ya kamera.

Lile daraja

Jumapili, tarehe 24 Julai 2022, jioni, basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilishindwa kukata kona ya Nithi, likapita kingo na kuanguka bondeni hadi mtoni. Watu zaidi ya 30 walikufa. Haikuwa mara ya kwanza hapo.

Soma tena hizo vitu: Jumapili, jioni, likitoka Meru kushuka Nairobi. Hiyo ni siku yenu, saa yenu, na upande wenu wa barabara. Daraja liko kabla hujafika Chuka ukitoka Chogoria. Mteremko ni mrefu, kisha kona, kisha mto. Basi likishuka na gia kubwa linategemea breki peke yake. Dere anayeijua hii barabara anashusha gia mapema, kabla mteremko haujaanza, anaacha injini imshikilie gari.

Kwa hivyo wewe abiria una haki ya kuongea. Si kelele. Kabla hamjaondoka Chogoria muulize dere kwa heshima: umelala leo? Breki ziko aje? Ukimuona anapeleka, mwambie, "Dere, pole pole, hatuna haraka." Wasee wengi wanaogopa kuonekana waoga mbele ya mbogi. Ni afadhali uonekane mwoga kwa dakika moja.

Na hapa kuna sheria moja ambayo kila kikundi cha haiki kingefaa kuiandika kwa posta yake: dere wa haiki hapandi mlima. Mkiwa juu mnapiga picha, yeye analala ndani ya gari ama kwa chumba mlichomlipia. Kama mmekuja na gari yenu, mchague mmoja mapema, na huyo mtu asimame kwa maporomoko tu halafu arudi kulala. Mpigieni makofi, mlipieni msosi. Yeye ndiye amebeba wote.

Beba hizi

Viatu vyenye meno, si raba za kupendeza. Koti la mvua. Sweta ya sufu ama ya kufanana, kofia na glovu. Soksi na nguo kavu za kubadilisha, uziache kwa gari. Tochi, hata kama mnapanga kushuka mchana. Maji lita mbili kwa chupa ya kutumia tena, kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwa hifadhi zote za Kenya, na askari wa geti ataziondoa kwa begi yako. Chakula cha kukauka: njugu, ndizi, mayai ya kuchemsha. Filimbi. Simu yenye chaji, ukijua kwamba netiwaki huko juu inakuja na kupotea inavyotaka.

Sigara na moto wa kuota, acha. Machi 2012 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya nyasi za juu za huu mlima. Zile lobelia hazikui kwa wiki moja. Na takataka yako ishuke na wewe, hata ganda la ndizi.

Basi form ni gani?

Form ni kuongeza usiku mmoja. Tokeni Nairobi Ijumaa jioni ama Jumamosi baada ya kazi, mlale Embu, Chuka ama Chogoria. Vyumba vya miji hii si vya Kilimani, na mkigawana, mtu analipa kidogo kuliko vile mnafikiria. Mnaamka saa kumi na moja, saa moja asubuhi mko geti, saa tatu mko kwa maporomoko na jua bado linawaka, mawingu hayajafika. Saa saba mnageuka, popote mtakapokuwa. Hata kama ziwa linaonekana mbele. Saa saba ni saa saba. Mkishuka mnakula Chogoria, na daraja la Nithi mnalipita kukiwa na mwanga, dere akiwa amelala usiku mzima na tena mchana.

Kama mfuko haujaruhusu usiku mmoja, punguzeni haiki badala ya kupunguza usingizi. Fanyeni Nithi Falls peke yake, msiguse ziwa, mtoke Chogoria kabla ya saa tisa. Ama msipande Mlima Kenya kabisa: upande wa Runyenjes kuna vilima vya Karue na Kirimiri, ambavyo vinakupea Embu yote chini ya miguu na bado unafika nyumbani kabla ya giza. Ukiwa Meru mjini, Ziwa Nkunga ndani ya msitu wa Imenti ni matembezi ya nusu siku.

Na msipofika Ellis safari hii, haina shida. Ziwa halijaenda mahali. Nithi inaendelea kutoka kwa lile bonde, inapita chini ya daraja, inaingia Tana na kuenda hadi Bahari ya Hindi. Hayo maji hayajawahi kuwa na haraka, na yanafika kila siku. Tag mbogi yako, waambie wachague tarehe, na wa kwanza kujibu "mimi ndio dere" mwambie aanze kulala sasa.